Almasi inaweza kumeguka mikononi mwa fundi? Ndiyo, na mara nyingi ni pale kiunoni

Mpachikaji (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu,

Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu kisa ni kilekile kila mara. Mtu anapeleka jiwe lake lipachikwe kwenye pete, analipokea likiwa na pengo dogo pembeni, akiuliza anaambiwa: "Haiwezi kuwa mimi, almasi haivunjiki." Kupachika vito ndiyo kazi yangu, kwa hiyo nasema bila kuzunguka: almasi humeguka, hupasuka, na moto ukizidi huungua. Fundi anayekana hilo ama hajaijua kazi yake vizuri, ama anamkwepa mteja.

Kinachowachanganya wengi ni ile namba 10 ya kipimo cha Mohs. Kipimo hicho kinajibu swali moja tu: kipi kinakwaruza kipi. Almasi inakwaruza kila jiwe, na yenyewe hukwaruzwa na almasi mwenzake. Basi. Habari za pigo au mbano hazimo humo. Jade ya aina ya nefriti iko kwenye 6 na kidogo, lakini kwa nyundo inastahimili kuliko almasi, maana ndani yake ni nyuzinyuzi ndogo zilizosokotana. Almasi ni fuwele moja, atomi zake za kaboni zimejipanga safu kwa safu, na iko mielekeo minne ambayo safu hizo huachana kirahisi. Fikiria gogo: ukilipiga shoka kukingama na nyuzi zake utatoka jasho, ukilipiga kufuata nyuzi linafunguka mara moja.

Udhaifu huo ndio wakataji walioufanyia kazi karne na karne. Cullinan, almasi ghafi kubwa kuliko zote za ubora wa kito, ilipatikana Afrika Kusini mwaka 1905 ikiwa na karati 3,106, yaani zaidi ya nusu kilo. Mwaka 1908 mkataji Joseph Asscher aliipasua kule Amsterdam kwa kisu cha chuma na pigo la mkono. Pigo la kwanza kisu ndicho kilichovunjika. La pili likaikubali njia, jiwe likaachana. Kama chuma kinaweza kuigawa Cullinan, kinaweza pia kumega ncha ya jiwe la nusu karati, tena hapo hakuna aliyekusudia.

Sasa twende kwenye benchi la fundi.

Almasi iliyokatwa ina sehemu ya juu, sehemu ya chini inayochongoka, na katikati mzingo mwembamba tunaouita kiuno. Vikucha vya pete, yaani vijiti vya chuma vinavyolishikilia jiwe, hushika hapo kiunoni. Kiuno kikiwa na unene wa wastani, jiwe linavumilia kazi. Kikiwa chembamba kama makali ya kisu, kila linalogusa pale ni hatari. Ripoti nzuri ya jiwe hutaja unene wa kiuno, na mimi huangalia mstari huo kabla ya kuangalia rangi.

Hatua inayoharibu mawe kuliko zote ni ile ya kuchonga kikalio. Ndani ya kila kikucha fundi huchimba kijigombo ambamo jiwe litakaa. Vijigombo vyote viwe kimo kimoja, na mteremko wake ufuate mteremko wa tumbo la jiwe (ile sehemu ya chini), ambao kwa almasi ya duara iliyokatwa vizuri ni kama digrii 41. Kimoja kikiwa juu ya vingine, au chembe ya dhahabu ikisahaulika ndani, jiwe linakaa juu ya nukta moja badala ya kulala. Kwa macho utadhani liko sawa. Ukianza kukunja vikucha, nguvu yote ya koleo inakwenda kwenye nukta ile. Hapo utasikia "tik" ndogo. Aliyewahi kuisikia haisahau.

Ndiyo maana fundi makini habani kikucha kimoja mpaka mwisho. Anasukuma hiki kidogo, anavuka kwa kinachokitazama upande wa pili, anarudi. Na kijigombo anakiachia nafasi kidogo kwenye makali ya kiuno, chuma kisiyabane makali yenyewe. Mbano unatakiwa ulale kwenye mteremko wa juu wa jiwe.

Mawe yenye ncha yana habari yake. Umbo la mraba lenye kona kali, la tone la maji, la jani lililochongoka kote kuwili: kila ncha ni mahali jiwe limebaki jembamba na halina wa kulisaidia. Ncha hufunikwa kwa kikucha chenye umbo la V, na chini ya ncha fundi hutoboa kishimo ili isiguse chuma kabisa. Ukiona pete ya jiwe la mraba ambayo kona zake ziko wazi na vikucha vinashika pande tu, usiinunue.

Karibuni mchangie. Wenye uzoefu wa moto na wa maabara, nawasubiri.

---

Kokoto Njema

Mkuu, heshima yako, ila kuna kitu sijakubali. Nimeona watu wanaweka almasi chini ya mashine ya kugandamiza na chuma ndicho kinachobonyea. Wengine wanasema njia ya kujua feki ni kupiga nyundo, ikivunjika ni kioo. Inakuwaje koleo dogo la mkononi liimege?

---

Mpachikaji

Hilo la nyundo naomba lifie hapahapa. Ni imani ya zamani sana. Pliny Mzee wa Roma, aliyefariki mwaka 79, aliandika kwamba almasi ikiwekwa kwenye fuawe hurudisha pigo hadi chuma kinapasuka, na kwamba kinachoweza kuilainisha ni damu ya mbuzi ikiwa bado ya moto. Fikiria ni mawe mangapi halisi yamesagwa na watu wenye nyundo waliokuwa "wanahakikisha". Almasi halisi ikipigwa nyundo inaweza kuwa vipande, na vipande hivyo havithibitishi kwamba ilikuwa feki.

Kuhusu mashine ya kugandamiza: inategemea jiwe limekaaje. Mgandamizo ukisambaa juu ya uso mpana, almasi inavumilia mno, na chuma laini kinabonyea kulipokea. Koleo halihitaji nguvu nyingi kwa sababu eneo linalobanwa ni dogo mno. Nguvu ya mkono juu ya nukta isiyoonekana kwa macho inakuwa mgandamizo mkubwa ajabu. Na kama nukta hiyo iko kiunoni, karibu na ufa uliokuwemo, jiwe halina la kufanya.

---

Tupa na Moto

Nimeitwa kwenye moto, nimekuja.

Almasi ni kaboni, na kaboni huungua. Si habari mpya: Lavoisier, mwanakemia wa Ufaransa, aliichoma almasi mwaka 1772 kwa kukusanya mwanga wa jua kupitia lensi kubwa, na mwaka 1797 mwanakemia wa Uingereza Smithson Tennant akaonyesha kwamba hewa inayotoka ni ile ile ya mkaa ulioungua. Penye oksijeni, almasi huanza kuliwa na joto la kati ya takriban nyuzijoto 700 na 850 za Selsiasi. Aliyewahi kuunga dhahabu anajua kwamba joto hilo si la mbali. Rekebisho dogo la kikucha kwa moto wa gesi linaweza kulifikia.

Jiwe haliwaki kama karatasi. Linapata utando wa weupe juu, kama limepumuliwa na pumzi isiyokauka. Mteja anasugua kwa sabuni, hautoki, kwa sababu si uchafu: ni uso wa almasi wenyewe ulioliwa. Dawa yake ni kurudi kwa mkataji, ang'arishe upya nyuso zilizoguswa. Uzito unaopotea kwa kawaida ni mdogo, ila ni kazi ambayo isingehitajika.

Kinga yake ni rahisi mno, ndiyo maana huwa nakasirika nikiona jiwe lililoungua. Jiwe lisafishwe kabisa, lisibaki hata alama ya kidole, maana mafuta yanaungulia pale pale juu yake. Kisha lichovywe pamoja na pete kwenye asidi boriki iliyochanganywa na spiriti, spiriti iwashwe iishe, ibaki ngozi nyeupe inayozuia oksijeni. Ndipo moto. Na baada ya moto, SUBIRI. Usitumbukize pete ya moto kwenye maji wala kwenye asidi ya kusafishia. Almasi hupitisha joto haraka kuliko shaba mara kadhaa, kwa hiyo jiwe safi mara nyingi linaponea. Lenye nyufa ndani mshtuko ule unaweza kuurefusha ufa mpaka nje.

Kwa pete ya platini, mimi sijadili: jiwe linatoka kwanza. Platini huyeyuka kwenye nyuzijoto 1,768, na joto la kuiunga linapita mbali lile ambalo almasi inaweza kuvumilia.

---

Lensi Kumi

Naongezea upande wa ukaguzi, kwa sababu mimi huyaona mawe baada ya ajali.

Kabla ya jiwe lolote kwenda kwenye moto au koleo, liangaliwe kwa lensi inayokuza mara 10. Kuna mawe ambayo hayatakiwi kuguswa na moto hata kidogo: yale ambayo nyufa zake zimejazwa kioo chenye risasi ili zisionekane. Mbinu hiyo ilienea kuanzia miaka ya 1980. Ukilizungusha jiwe la namna hiyo utaona mmweko wa rangi ya machungwa au bluu ukipita ndani ya ufa. Moto ukiligusa, kioo kinatoka au kinabadilika, na ufa uliokuwa umefichwa unajitokeza wote. Mteja atasema fundi amepasua jiwe lake. Fundi atasema jiwe lilikuwa bovu. Aliyeuza bila kusema ndiye wa kuulizwa, lakini yeye huwa hayupo chumbani.

Vivyo hivyo mawe yaliyopakwa utando wa rangi, na yale yaliyopewa rangi kwa mionzi: joto linaweza kubadilisha rangi yao.

Jambo lingine ambalo watu hawalifikirii: almasi huharibiana zenyewe. Ukizitia kadhaa kwenye karatasi moja au kimfuko kimoja zikawa zinasuguana, kingo za nyuso zake zinakwaruzika na kuonekana zimefifia. Kwenye pete yenye mawe madogo yaliyopangwa bega kwa bega pia, yakilegea yanagongana viunoni. Ile mashine ya kusafishia inayotetemesha maji inafanya hali kuwa mbaya zaidi. Mimi jiwe lenye ufa mkubwa au lililojazwa siliweki humo. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini na mswaki mlaini vinatosha.

---

Nuru_K

Nimesoma yote kwa sababu yamenikuta. Nilipeleka almasi yangu, umbo la mraba, ihamishiwe kwenye pete mpya. Iliporudi niliona kona moja haing'ai kama nyingine. Kuangalia kwa karibu, kipande kimetoka. Fundi anasema pengo lilikuwepo tangu mwanzo na kikucha cha zamani kilikuwa kinalificha. Nina ripoti ya GIA (taasisi inayopima almasi) ya wakati jiwe linanunuliwa. Inanisaidia chochote?

Na jamani inaniuma. Jiwe lenyewe nilipewa na bibi yangu mkono kwa mkono.

---

Lensi Kumi

Pole sana dada. Ripoti inasaidia, ila angalia kwanza ni ya aina gani. Ripoti kamili ina mchoro wa jiwe unaoonyesha kasoro zilizokuwepo siku ya kupimwa: nyufa, mameguko, mashimo. Kama mchoro hauonyeshi kitu kwenye kona ile, basi siku ile kona ilikuwa nzima. Ripoti fupi ya jiwe dogo inaweza isiwe na mchoro kabisa.

Linganisha pia uzito na vipimo. Karati moja ni gramu 0.2, na mizani ya vito husoma mpaka sehemu ya elfu ya karati. Jiwe likitolewa kwenye pete na kupimwa, upungufu unaweza kuonekana. Kama kiuno kina namba iliyochorwa kwa leza, hakikisha inafanana na ya ripoti ili ujue unalinganisha jiwe lile lile.

Ila nikuambie ukweli usioupenda: ripoti inathibitisha hali ya siku ile tu. Miaka ya kuvaa iko katikati. Fundi wako anaweza kuwa anasema kweli, kwa sababu kona huweza kugongwa kwenye jiwe la sinki au mlango na kikucha kikalificha pengo. Kinachotenganisha mambo haya mawili ni picha na maandishi ya siku ulipolikabidhi.

---

Kokoto Njema

Hapo mimi nasema fundi alipe. Mteja hana lensi, hana koleo. Jiwe limeingia kwake, limetoka limemeguka. Mnamtetea kwa nini?

---

Tupa na Moto

Hatumtetei. Lakini ukisema fundi alipe kila mara, fundi mwenye akili atakataa kila jiwe la zamani, na mabibi zetu watabaki na pete zenye vikucha vilivyolika mpaka jiwe lidondoke lipotee. Yapo mawe ambayo hata mkono bora kuliko wote unaweza kuyapoteza, kwa sababu yana msongo ndani au ufa unaogusa kiuno pale pale kikucha kinapotakiwa kukaa. Mwenye mali akielezwa hivyo kabla, akaamua kazi ifanyike, hatari hiyo ameikubali.

---

Mpachikaji

Mimi nasimama katikati, na nitasema mstari uko wapi.

Fundi aliyepokea jiwe bila kulikagua, akakaa kimya, amelipokea likiwa zima. Hawezi baadaye kugundua kasoro ya tangu zamani. Kukagua ni kazi yake, na lensi anayo yeye. Fundi aliyekagua mbele ya mteja, akamwonyesha ufa, akauandika kwenye stakabadhi na kusema "hapa panaweza kupasuka", huyo akipatwa na ajali kwenye ufa ule ule simlaumu. Lakini stakabadhi iliyochapwa tayari kwamba "hatuhusiki na uharibifu wowote", bila mtu kulitazama jiwe lako, kwangu hiyo haina heshima yoyote. Imeandikwa kabla jiwe halijajulikana.

Na wewe mwenye mali: mwombe akuonyeshe jiwe chini ya lensi SIKU YA KULIACHA. Piga picha za kona zote. Hata simu ikiwekwa mbele ya lensi hutoa picha ya kutosha. Siku ya kulichukua, angalia tena palepale kabla ya kulipa. Fundi anayechukizwa na hilo, chukua jiwe lako uende.

Dada Nuru_K, je, aliandika chochote alipolipokea?

---

Nuru_K

Ameandika "pete moja ya dhahabu, jiwe jeupe". Basi.

---

Mpachikaji

Basi mrudie kwa utulivu na ripoti mkononi, na umwombe jiwe lipelekwe kwa mkaguzi mwingine asiyemjua yeyote kati yenu wawili. Pengo jipya na la zamani wakati mwingine hutofautiana: la zamani huwa limeshika uchafu na kingo zake zimechakaa kidogo, jipya ni safi na kali. Si kipimo cha uhakika, maana pete husafishwa kabla ya kupachikwa na uchafu huo unaweza kuwa umeondoka, lakini mkaguzi mzoefu atakueleza anachokiona.

---

Mwanafunzi wa Vito

Samahani kwa kuingilia. Almasi zinazotengenezwa maabara nazo ni hivyo hivyo? Na moisanaiti, lile jiwe linalofanana na almasi?

---

Lensi Kumi

Almasi ya maabara ni almasi: kaboni ile ile, mpangilio ule ule, mielekeo minne ile ile ya kupasuka, na inaungua vile vile. Asikudanganye mtu kwamba ni laini au ngumu zaidi. Moisanaiti ni jiwe jingine kabisa, iko kwenye 9.25 ya Mohs, haina njia za kupasukia kama za almasi na inavumilia joto vizuri kuliko almasi. Ila kona kali ni kona kali, ukiibana vibaya inameguka.

---

Nuru_K

Asanteni nyote. Swali la mwisho: hata fundi akikubali kosa, jiwe hili linatibika? Sitaki lingine.

---

Mpachikaji

Linatibika, na una njia mbili.

Ya kwanza: pengo likiwa dogo, linafichwa chini ya kikucha cha V kilichotengenezwa vizuri, jiwe halikatwi. Uzito unabaki wote. Sharti ni kwamba mkaguzi ahakikishe hakuna ufa unaoingia ndani kutoka kwenye pengo lile, maana ukiwepo, kikucha kitaubana na kuuendeleza.

Ya pili: mkataji analisawazisha upya. Kona moja haiwezi kukatwa peke yake bila umbo kupinda, kwa hiyo pande nyingine hufuata na uzito unapungua. Hata mawe ya kihistoria yamepitia hapo. Almasi ya bluu ya Wittelsbach iliuzwa London mwezi Desemba 2008 ikiwa na karati 35.56 na mameguko kadhaa kiunoni, na mnunuzi wake, Laurence Graff, akaamuru ikatwe upya hadi karati 31.06. Wataalamu wengi walilalamika kwamba historia imekatwa pamoja na jiwe. Mimi niko upande wa waliolalamika, lakini nakutajia ujue kwamba hata wakubwa huamua hivyo.

Kwa jiwe la bibi yako ningeanza na njia ya kwanza. Ukilazimika kwenda ya pili, mkataji akupe makadirio ya uzito utakaobaki kwa maandishi kabla hajaligusa, na kama jiwe lako limepita karati moja kidogo tu, mwambie mapema, kwa sababu likishuka chini ya hapo thamani yake sokoni inashuka kuliko ule uzito wenyewe uliopotea. Kona utakazopata, zote nne ziwekewe V. Na anayepachika safari hii aje na lensi yake mezani, mlitazame pamoja.